Studio ndogo ya picha, Ngamiani Tanga: walimsafisha kaka yetu bila kumbadilisha sura

Huduma niliyopewa: kusafisha picha ya zamani iliyoharibika, kuikuza na kuitia fremu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nawaandikia wenye picha za marehemu majumbani, na hasa wazazi na ndugu wa vijana waliokwenda jeshini wasirudi. Studio iko Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba. Ni chumba kimoja, upande huu fundi cherehani, upande ule duka la ndoo na mabeseni. Ubao wa nje umeandikwa kwa mkono: picha za pasipoti, fotokopi, laminesheni. Hawajaandika popote kwamba wanasafisha picha za zamani, na naona wanajipunja wenyewe, maana hiyo ndiyo kazi wanayoiweza kuliko zote. Mimi nilielekezwa na mwalimu mwenzangu mstaafu aliyepelekewa pale cheti chake cha ndoa kilicholiwa na mchwa.

Picha niliyopeleka ni ya kaka yetu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama. Alizaliwa 1957 huku Muheza, wakati baba ni kibarua kwenye shamba la mkonge. Alipomaliza shule akaenda JKT, na kutoka JKT akachukuliwa jeshi lenyewe. Ana picha moja tu duniani. Aliipiga studio, Novemba 1978, wakiwa njiani kuelekea Kagera, akaituma kwa posta. Ukubwa wake ni wa kadi ya posta, nyeusi na nyeupe. Amevaa shati la jeshi, kofia ameikunja akaipachika begani, nyuma yake pazia la studio lenye maua makubwa. Hacheki, lakini mdomo umekaa kama wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Kwa vijana ambao Vita vya Kagera wanavisikia tu kwenye hotuba: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza redioni. Maneno yake kila mtu wa umri wangu anayo kichwani: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nilikuwa darasa la tano. Majirani walijaa uani kwetu kusikiliza, wanaume wakapiga makofi. Mama alinyanyuka kabla hotuba haijaisha akaenda jikoni, akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Mwanawe alikuwa ameshavaa sare.

Februari 1979 tukasikia Masaka, huko Uganda, imetekwa, Machi tukasikia Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Shuleni tulitoka na matawi ya miti tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mama siku ile alifua mashuka yote ya nyumba na kukitandika kitanda cha kaka. Habari yetu ikaja Mei, katibu tarafa akiwa mbele, nyuma yake mtu mmoja wa jeshi na balozi wetu wa nyumba kumi, na balozi ndiye aliyekuwa analia. Mwili haukuja. Kaka amezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, pamoja na mamia ya wenzake.

Kutoka Muheza kwenda Muleba ni kuikata nchi kutoka upande wa bahari mpaka upande wa Ziwa Viktoria. Mimi nimefika, nikiwa tayari mwalimu mtu mzima. Nimepita safu kwa safu mpaka nikaliona jina lake. Baba alikufa bila kufika. Mama hajafika, na kwa miaka yake 87 na magoti aliyonayo hatafika. Desemba 2017, askari wetu wa kulinda amani walipouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, televisheni ilionyesha majeneza yamefunikwa bendera ya taifa. Mama aliyatazama yote yakipita, akasema, "Hao wamerudishwa kwao." Akaomba tuzime.

Ndiyo maana ile picha kwetu ina kazi. Sisi ni Waanglikana. Tarehe 2 Novemba ni Siku ya Kuwaombea Marehemu Wote. Majina yanasomwa kanisani, na baada ya ibada watu wanakwenda makaburini kwao kufyeka majani, kuweka maua na kuwasha mishumaa. Mama naye huenda kwa baba, halafu hurudi nyumbani, anavuta kigoda mpaka chini ya ile picha ukutani, na mshumaa wa kaka unawashwa pale. Amefanya hivyo tangu mimi ni mtoto. Kaburi la kaka liko Kagera, lakini mahali pa kumlilia ni pale sebuleni, juu ya kabati la vyombo.

Masika iliyopita bati lilitoboka upande huo huo. Maji yakashuka ukutani yakaingia ndani ya fremu, na kabla hatujagundua picha ilikuwa imenatana na kioo. Ukungu mweusi ukala jicho la kushoto na nyusi yake. Kona ya chini ikageuka njano. Mdomo, kidevu na jicho la kulia vikabaki.

Hatukuanzia Ngamiani. Mtoto wa dada yangu, kwa nia njema kabisa, aliipiga ile picha kwa simu akaituma kwenye studio moja kubwa ya mji mwingine, nisingependa kuitaja. Ikarudi siku hiyo hiyo, inang'aa, ina rangi. Kaka amekuwa mweupe. Ana tabasamu la meno yote. Kifuani wamemtundika nishani tatu, kijana wa miaka ishirini na moja aliyekuwa hajafika hata Kyaka siku picha inapigwa. Tulimpelekea mama tukidhani atafurahi. Aliishika mbali kidogo na macho, kisha karibu, akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia, mama, ndiye.

Akasema, "Wangu hakuwa na meno haya," akaniwekea mkononi, akaomba arudishiwe ile iliyooza.

Juu ya hapo, studio ile ilikuwa imeshairusha kwenye ukurasa wake, kabla na baada, kujitangazia biashara. Sura ya marehemu wetu, na watu wanaweka vicheko na makopa, bila mtu kutuuliza. Mpwa wangu alihangaika nao mpaka wakaiondoa. Naomba kila mwenye studio anayesoma hapa alisikie hili: picha ya mtu aliyekufa ina wenyewe. Omba ruhusa.

Baadaye nilieleweshwa tatizo ni nini. Hizi programu za akili mnemba zinazosafisha picha kwa sekunde hazisafishi, zinabahatisha. Zimefundishwa kwa sura nyingi mno, kwa hiyo zikikuta pengo zinaweka jicho linaloelekea kufaa hapo, jicho la mtu yeyote. Ukuta ukichubuka, au pazia, au shati, hakuna hasara. Jicho la mwana wa mtu ni jambo jingine.

Sasa nije kwa hawa wa Ngamiani.

Fundi ni kijana wa miaka thelathini hivi, anafanya kazi na mdogo wake wa kike anayepokea wateja na kutoa fotokopi. Nilimkuta anakata picha za pasipoti za wanafunzi. "Shikamoo mama," akaacha mkasi. Nilipoifungua fremu kutoka kwenye kanga, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu amejaribu kuibandua picha kwenye kioo. Nikamwambia hakuna. Akashusha pumzi, akasema, "Asante Mungu."

Akanieleza, na hili naliandika kwa kirefu kwa sababu naamini nyumba nyingi zina tatizo hili. Picha za zamani zilizosafishwa kwa dawa gizani zina tabaka jembamba la jelatini juu ya karatasi, na sura ya mtu imo ndani ya tabaka hilo. Jelatini ikilowa inalainika, ikikauka ikiwa imegusana na kioo inashika kama gundi. Ukivuta, karatasi inatoka mkononi mwako na uso unabaki kwenye kioo. Ameshaletewa picha za namna hiyo, karatasi nyeupe huku na uso vipande vipande kule, na hapo hana la kufanya. Kwa hiyo hata yeye hakuibandua. Alisema kioo na picha sasa ni kitu kimoja na viheshimiwe hivyo.

Hakutumia skana. Unene wa kioo ungeiweka picha mbali na skana na ingetoka haina makali. Aliilaza fremu mezani, akafunga kamera juu ya mguu wake ikitazama chini, akaweka taa mbili, moja kila upande, zimeinama ili mwanga usirudi kwenye kamera. Kisha akavaa sweta jeusi la mikono mirefu, Tanga ile, mchana, feni imezimwa isipeperushe vumbi, na mdogo wake akasimama nyuma akiwa ameshika shuka jeusi juu ya vichwa vyao. Kioo kinaonyesha kila kitu cheupe kilicho mbele yake, hata kola ya shati la mpiga picha. Alipiga, akahamisha taa, akapiga tena, akazishusha karibu usawa wa meza, akapiga tena. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu, na alikuwa anageuza uso pembeni lisidondoke kwenye kioo.

Alipomaliza mbele akaniuliza kama anaweza kufungua nyuma. Akatoa vijimisumari kwa koleo kimoja kimoja, akaondoa kadibodi. Mgongo wa picha ulikuwa mzima. Kuna maandishi ya kalamu ya bluu, mwandiko wa kaka, umeinamia kulia: "Mama, nipo mzima. Msinisubiri Krismasi." Na tarehe. Maneno yale niliyajua kwa kusikia, mama huyasema. Mwandiko wenyewe nilikuwa sijauona, kwa kuwa baba ndiye aliyeipigia misumari ile fremu mwaka 1979 na haikufunguliwa tena. Fundi alinisogezea kiti, akatoka nje, akamwambia na mdogo wake atoke. Walinipa nafasi ile bila mimi kuomba. Aliporudi akaupiga picha na mgongo, kwa uangalifu ule ule.

Kwenye kompyuta akanionyesha picha ikiwa kubwa kuliko dirisha, akagawa kazi mara mbili. Akapitisha kalamu hewani: huu ni uchafu, huu ni hasara. Uchafu ni madoa, mistari ya maji, njano, mikwaruzo. Chini yake sura bado ipo, huo anautoa. Hasara ni pale ambapo sura yenyewe imeliwa. "Hapo mama nikijaza nitakuwa nimechora mimi, sio kamera. Labda anielekeze anayemjua." Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili kaka anaondoka. Ninamkumbuka mikono yake kuliko uso. Nikamwambia anayemjua yupo.

Nilitaka pia rangi, nikiwafikiria wajukuu. Akaniuliza sare ile ilikuwa kijani gani, ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde au nyeusi tii, pazia lilikuwa na maua ya rangi gani. Alisema akiweka rangi zake mwenyewe, baada ya miaka michache watoto watazishika kuwa ndizo za kweli. Tukaiacha nyeusi na nyeupe, na leo naona alikuwa sahihi kabisa.

Mama ana siku zake za kliniki pale hospitali ya Bombo, na mojawapo tulipotoka tukachukua bajaji mpaka Ngamiani. Fundi alitoka mpaka barabarani kumpokea. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, ndiye wewe uliyenaye?" Akamketisha kwenye stuli ya kupigia pasipoti, akamgeuzia kompyuta. Ile picha ilikuwa imeshatolewa uchafu. Kaka alikuwa wazi, kola yake inahesabika nyuzi, isipokuwa doa la kijivu lililoachwa makusudi juu ya jicho la kushoto.

Mama hakusema kitu. Akanyoosha mkono akagusa kidevu cha kwenye kioo cha kompyuta. Fundi akasubiri. Halafu akamwuliza, taratibu, nyusi ya huku ilikuwaje bibi.

Mama akamwambia, "Inama." Akainama. Akamwekea kidole juu ya nyusi yake ya kushoto, yule kijana, akakivuta kuelekea kwenye sikio. "Kovu lilianzia hapa, likaishia hapa. Nywele hazikuota tena. Alianguka kwenye mchungwa, nikamfunga kwa kipande cha kanga." Fundi akachukua kalamu ya wino mezani akajitia alama usoni pale pale kidole kilipopita, asisahau, akageuka kwenye kompyuta na alama yake akachora. Mama akasema refu mno. Akafuta. Akasema sasa limenyooka, halikunyooka. Akafuta tena. Hakukunja uso hata mara moja, na wateja wa fotokopi walikuwa wamesimama mlangoni kimya wanatazama. Walipofika mahali mama akanyamaza, akaegemea ukuta, akasema, "Haya."

Kuhusu jicho lenyewe, ile njia rahisi ya kunakili jicho la kulia na kuligeuza aliikataa mapema. Uso wa mtu hauna pande mbili zinazofanana. Kwenye zile picha alizopiga taa zikiwa chini, kope ya chini na nusu ya mboni zilikuwa bado zinaonekana kupitia kwenye ukungu, na hizo ndizo alizozifuata. Ukilitazama kwa karibu utaona jicho la kushoto ni hafifu kidogo kuliko la kulia. Ameliacha hivyo, na akatuambia kwamba ameliacha hivyo. Alitupa faili mbili: moja imesafishwa tu na doa lipo, ya pili ina nyusi aliyoelekezwa na mama, ili siku zijazo mtu ajue kipi ni cha kamera na kipi ni cha kumbukumbu ya mzazi. Sijawahi kuona uaminifu wa namna ile kwenye biashara ya elfu chache.

Jambo la mwisho lilikuwa maandishi ya chini ya picha. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ametuma kwa simu: "Alikufa kishujaa vitani." Fundi akaniuliza kama ndivyo tunavyotaka, na nikatambua ni mazungumzo ambayo nyumbani kwetu hatujawahi kuyamaliza. Kaka hakupigwa risasi. Tuliambiwa ni gari la jeshi lililopinduka usiku, upande wa Uganda. Wako watu, hata kwenye ukoo, ambao hulishusha sauti jambo hili, kana kwamba ajali ni kifo cha daraja la pili. Nimesoma kwamba hesabu iliyotolewa baada ya vita ni askari wetu 373 waliokufa, na waliouawa kwenye mapigano ni 96. Waliobaki, ambao ndio wengi, walikufa kwa ajali, maradhi na mambo mengine ya vita: barabara za matope, magari yaliyojazwa kupita kiasi, usiku bila taa, malaria. Wote waliitwa, wote wakaenda. Mama zao walipokea hodi ile ile.

Mama aliposikia tunabishana akasema andikeni jina lake, miaka yake na alikolala. Basi chini ya picha pana jina kamili, "1957–1979", na "Kaboya". Cheo hakuna. Na nyuma ya picha mpya fundi amechapisha ule mgongo, mwandiko wa kaka kwa ukubwa ule ule aliouandika.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu hizi.

Kwanza, muda. Waliahidi tarehe wakaipita, wakaipita tena. Ni kweli umeme ulikuwa unakatika na mashine yao ya kuchapisha ilikuwa inasubiri wino kutoka Dar, lakini simu za mteja zipokelewe. Niliwaeleza tangu siku ya kwanza kwamba tunaitaka kabla ya tarehe 2 Novemba na kwa nini. Tuliipata kwa kubanana sana.

Pili, nakala ya kwanza iliandikwa "Kabuya". Waliirudia bila kulipisha na kwa kuomba radhi, ila neno linalotaja kaburi la mtu lisomwe na mtu wa pili kabla ya kuchapishwa.

Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, fremu. Baada ya kunielimisha yote yale juu ya kioo, fremu waliyonipa ilikuwa imeibana picha mpya moja kwa moja kwenye kioo. Fremu hawatengenezi wao, wananunua kwa fundi mwingine zikiwa tayari. Nilipowaonyesha, fundi akaona aibu ya kweli, akakata ukanda wa kadibodi nene akauzungusha pembezoni mwa picha, ndani, ili kioo kisiguse karatasi. Ni kazi ndogo. Iwe ni kawaida yao kwa kila picha, bila mteja kudai.

Bei haijabandikwa popote, uliza mapema. Mimi nililipa shilingi 30,000 kwa kupiga na kusafisha, 12,000 kwa nakala kubwa ya ukutani, 25,000 kwa fremu, na nakala ndogo za ndugu 2,000 kila moja. Nusu inatangulia, iliyobaki unalipa ukichukua, na malipo ya simu wanapokea. Faili wanakuwekea kwenye flashi yako bila nyongeza, na waliniuliza mara ya mwisho kabla sijaondoka kama waifute kwao au waihifadhi. Nilisema waihifadhi, lakini isiwekwe popote. Haijawekwa, mpwa wangu huwa anaangalia.

Ukiamua kwenda, peleka fremu nzima kama ilivyo, usichomoe kitu, ifunge kwa kitambaa kikavu na si mfuko wa plastiki, maana plastiki inatunza unyevu. Ikiwa unaye mzee anayemkumbuka marehemu, nenda naye, na nenda asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa. Ile fremu ya zamani, kioo na picha vikiwa vimeshikana, fundi aliturudishia imefungwa kwenye karatasi. Tumeiweka kwenye sanduku la mama pamoja na nguo zake za kanisani, kwa amri yake mwenyewe, na bati tumeshabadilisha.